Sheria Juu, Jina Chini

Maiuma ya Gaza, tarehe 6 Mei

Kwa Zonaino mwana wa Obodi, wakili, Konstantinopoli

Salamu nitaziandika mwishoni, kama zitabaki.

Ndugu yako Silvano ananitaka. Miaka ishirini na miwili amelala, juzi ameamka akakumbuka kwamba mimi ni mtumwa wa nyumba yenu. Mimi mwenyewe hanitaki hasa. Nimeshachakaa, natia lami mitungi ya divai kutwa, na lami yenyewe imeniingia mpaka kwenye kucha. Anayemtaka ni Theodote, binti yangu. Binti yake Nona anaolewa Kaisaria baada ya mavuno ya zabibu, na ameziona nakshi anazoshona Theodote, akazipenda. Basi Silvano amemwandika mwanangu katika orodha ya vitu anavyokwenda navyo bibi harusi. Nimeiona kwa macho yangu. Yuko baada ya kioo cha shaba, kabla ya nyumbu wawili.

Anasema marehemu mama yenu hakuniacha huru, alinipa ruhusa tu ya kukaa huku pwani. Na mtoto wa mtumwa ni mtumwa. Aliniambia mbele ya wafinyanzi wote, "Kama uliachwa huru, kilete kibao tukione."

Unajua kibao cha hati yangu ya uhuru kilikuwepo. Kila Pasaka mimi huenda kanisani na mafuta yangu ya mwerezi, shemasi Marino hufungua sanduku, nami nakipaka ili mchwa wasikiguse. Vibao vya wenzangu walioachwa huru kanisani hapa vililiwa vyote, kikabaki changu peke yake. Pasaka hii sanduku limefunguliwa, kibao hakipo. Marino amekwenda Yerusalemu tangu Kwaresima, na huyo aliyemwachia funguo hajui hili wala lile. Mimi najua. Silvano amekiiba. Nani mwingine ana haja nacho?

Sikuombi hisani. Nakutaka useme ulichokiona. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Mama yako alinishika mkono akanipeleka hadi madhabahuni, marehemu askofu akatamka maneno, na wewe ndiye uliyeandika kibao kwa sababu mwandiko wako ulikuwa mzuri. Sheria juu, jina langu chini, kama ilivyo desturi. Waliosimama nasi madhabahuni wamekufa wote, umebaki wewe. Askofu wetu atasikiliza shauri Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Andika mistari mitatu, utie muhuri, umpe nahodha yeyote.

Kama mkono umekuwa mzito huko mjini, kumbuka nani alikuwa akikubeba mgongoni kwenda kwa mwalimu, akasikiliza mlangoni, kisha jioni akakuandikia imla zako huku wewe ukikoroma.

Salamu hazikubaki.

Zosime


Konstantinopoli, tarehe 1 Juni

Zosime,

Barua yako nimeipata. Lugha yake nimeisamehe kwa kuwa najua ilikotoka.

Huenda huko Maiuma hamjui ninashughulika na nini. Ninaandika historia ya Kanisa tangu siku za mfalme Konstantino hadi leo. Kitabu cha kwanza kimekamilika na kinasomwa na watu wa ikulu. Kwa hiyo katika jambo lako unazungumza na mtu anayelijua kwa undani kuliko mawakili wote wa Gaza wakijumlishwa. Konstantino alitoa sheria tatu juu ya watumwa wanaoachwa huru kanisani. Aliyeachwa huru mbele ya makuhani ni raia wa Roma, sawa na mimi, na watoto anaowazaa baadaye ni waungwana. Sheria ni safi kabisa. Huna sababu ya kuhofu.

Ushahidi wangu, hata hivyo, haungekufaa. Mimi ni ndugu wa mdai. Watasema ninamwonea Silvano kwa ajili ya urithi, au ninakupendelea kwa ajili ya utoto. Katika mashauri kama haya hati ndiyo inayosema. Tafuteni kibao.

Kuhusu ndugu yangu, siwezi kukuzuia kumshuku. Silvano ana tabia zake tangu utotoni. Pengine ghala lake la divai likipekuliwa vizuri, kitu kitaonekana.

Subira huvuta heri. Msalimie binti.

Zonaino, wakili


Maiuma, tarehe 24 Juni

Zonaino,

Subira huvuta heri, lakini nyumbu wa Kaisaria wanavuta upesi zaidi.

Nilifanya ulivyosema. Nilikwenda kwa Silvano na wazee wawili wa kanisa, tukapekua ghala lake mtungi kwa mtungi. Nilimwita mwizi mlangoni kwake, mbele ya mkewe na watunza mizabibu, nikamwambia mama yake anamwona alipo. Hatukuona kitu. Silvano aliapa kwa mifupa ya mashahidi kwamba hakukigusa kibao. Nilimcheka.

Wiki iliyofuata Marino akarudi kutoka Yerusalemu, miguu imevimba. Hakuwa hata amevua viatu nilipomuuliza. Mzee wa watu akashangaa. Akasema, "Lakini si alikichukua Zonaino? Alipokuja mwaka jana kumzika mama yake. Alisema anataka kunakili sheria iliyo juu, kwa ajili ya kitabu. Akaahidi wiki moja."

Hukusema neno. Uliniandikia ukurasa mzima wa Konstantino, ukanituma nikamtukane ndugu yako kwa kitu kilichoko mezani kwako.

Nimelazimika kurudi kwa Silvano kumwomba radhi kwa neno mwizi. Nilisimama uani kwake kama kuku aliyenyeshewa, naye akanitazama akinywa divai yake hadi alipomaliza kikombe. Kisha akasema amenisamehe, mtumwa hakosi kuropoka. Huyo mtu anataka kumchukua mwanangu, na mimi nimemwomba radhi. Ladha ya neno lile bado ninayo mdomoni, na aliyelitia humo ni wewe.

Rudisha kibao changu.

Zosime


Konstantinopoli, tarehe 15 Julai

Kwa mwanamke Zosime,

Asante ya punda ni mateke. Nilikujibu kwa upole, nawe umenirudishia matusi.

Marino ni mzee wa miaka themanini mwenye ukungu machoni. Huenda aliniazima kitu, huenda alimwazima mwingine, huenda aliota. Nilipokuja kumzika mama yangu nilikuwa katika msiba. Niliondoka na pete yake na mtungi mmoja wa tini. Sikumbuki zaidi.

Ninakupa onyo moja, na ulichukulie kama onyo la wakili. Mtu ambaye uungwana wake bado uko mbele ya askofu hana ruhusa ya kumwita mungwana mwizi, wala kwa kinywa wala kwa kalamu. Barua zako ninazo zote. Zikisomwa siku ya shauri hazitamsaidia binti yako.

Usiniandikie tena ila kwa adabu.

Zonaino, wakili


Maiuma, tarehe 4 Agosti

Kwa Mheshimiwa Zonaino, bingwa wa historia, mpenda kweli,

Hiyo hapo ndiyo adabu uliyoagiza. Sasa tuendelee.

Kitabu chako cha kwanza kimefika. Mfanyabiashara mmoja wa divai alikinunua huko kwenu akamletea askofu zawadi, na Jumapili iliyopita kilisomwa barazani kwa kanisa baada ya ibada. Watu walijaa. Fundi chokaa na mkewe walikuja, na wauza samaki wakaacha samaki wao juani. Mtoto wa Maiuma amewaandikia wakubwa. Nami nilikwenda, nikakaa nyuma kwa sababu ya harufu ya lami.

Msomaji akafika kwenye sheria za Konstantino. Uliandika vizuri, sitakuonea. Uliandika kwamba mfalme alimfungulia mtumwa mlango wa kanisa, na aliyeuingia akitetemeka akatoka akiwa raia. Jirani yangu alifuta machozi. Halafu msomaji akasoma haya, nami nimeyashika kichwani neno kwa neno: "Na asidhani mtu kwamba nasimulia niliyoyasikia tu. Maandishi ya sheria hii yapo hadi leo juu ya vibao vya walioachwa huru, na kimoja, kutoka pwani ya nyumbani, ninacho mkononi ninapoandika haya."

Watu wakapiga makofi. Marino akanyanyua mkono akaomba pasomwe tena. Pakasomwa tena. Wakapiga makofi tena, wakidhani mzee amependezwa.

Njia ya mwongo ni fupi, Zonaino. Yako imeishia hapo barazani, kwa sauti kubwa, mara mbili. Haya, kataa sasa. Sema ukungu wa Marino umeingia hadi kwenye kitabu chako.

Juzi Silvano alimtuma mwanamke mmoja aje kumpima Theodote joho la safari. Alimpima mabega, akampima urefu, akamgeuza huku na huku, wala hakuuliza jina lake. Theodote hakulia. Alipoondoka yule mama, mwanangu akanawa mabega yake kwa maji ya kisimani, akarudi kushona. Mimi ndiye niliyelia, na ninakuambia ili ujue kwamba hilo nalo nitakudai siku ya mwisho.

Kilete.

Zosime


Konstantinopoli, tarehe 20 Agosti

Zosime,

Nahodha Barako atakukabidhi kifurushi cha kitani. Ndani yake mna kibao, au kilichosalia. Nilikuwa nimekisahau katikati ya vitu vingi. Safari ya kurudi huku ilikuwa mbaya, bahari iliingia chomboni hadi kwenye masanduku, na sehemu ya chini ikaharibika isiweze kusomeka wala kuhifadhiwa. Sehemu ya juu imesalimika, na ndiyo ya maana zaidi, kwa kuwa ina sheria yote bila kupungua herufi.

Nadhani sasa suala kati yako na mimi limekwisha.

Zonaino


Maiuma, tarehe 9 Septemba

Zonaino,

Bahari haina msumeno.

Nimekaa na mbao na vizibo vya mitungi miaka yote hii, unanidanganya mimi? Ukingo wa chini umenyooka kama kamba ya fundi chokaa. Ubao wote umekuwa mwekundu kwa mafuta niliyopaka Pasaka hadi Pasaka, ila hapo ulipokatwa. Hapo ni peupe, pabichi. Nimepanusa. Hapana chumvi hata chembe.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilidhani umeazima ukasahau. Kisha nikadhani umeficha ili usigombane na Silvano. Sikuwaza kwamba ulinikata.

Nilikipeleka kwa askofu hivyo hivyo. Wakili wa Silvano alikiangalia, akakigeuza, akakisoma kwa sauti tamu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akasema sheria ni nzuri sana, anaifahamu, inapatikana pia katika kitabu maarufu cha mwana wa Maiuma. Akauliza inamtaja nani. Marino akaapa kwamba ni changu, wakasema macho yenye ukungu hayashuhudii maandishi. Hakuna anayebisha kwamba sheria ipo, Zonaino. Wanachobisha ni kwamba mimi nipo.

Sasa wanasema hata huo ukingo mweupe ni kazi yangu. Ati niliiba kibao cha mtu mwingine nikakata jina lake, nije nidai kilikuwa changu; na barua yako ya bahari, kwa kuwa haina muhuri, wanasema si ushahidi. Mtumwa anayeharibu hati adhabu yake unaijua kuliko mimi, na haiishii kupelekwa visiwani kama ya mungwana, ni kifo. Kwa hiyo safari hii si Theodote peke yake. Umenifunga na mimi.

Hukutakiwa kufanya jambo kubwa. Mwezi wa Mei nilikuomba mistari mitatu tu. Ungeandika "nilimwona akiachwa huru" basi ningenyamaza hadi kufa, na kibao ungekaa nacho ukakilalia. Lakini uliogopa mtu asije akauliza kiko wapi.

Mama yako, alipokuwa hawezi tena kunyanyuka kitandani, mimi mungwana niliacha mitungi yangu nikaenda Gaza kila siku ya tatu kumwogesha. Wewe ulikuwa unaandika. Aliniuliza kama umeshaoa, nikamwambia uongo kwamba umekaribia.

Sina la kukuomba tena. Nimekuandikia ili ujue kwamba najua.

Zosime


Konstantinopoli, tarehe 30 Septemba

Konstantino Kaisari ameamuru: mtu amwachaye huru mtumwa wake kanisani, mbele ya watu wa Mungu na makuhani wakishuhudia, yule aliyeachwa atakuwa raia wa Roma, na hakuna atakayemrudisha utumwani, wala yeye wala uzao wake.

Kwa sheria hiyo, siku ya Pasaka, miaka ishirini na miwili iliyopita, katika kanisa la Maiuma, Megethia mjane wa Obodi alimwacha huru ZOSIME, mzaliwa wa nyumba yake, mbele ya askofu na watu wote.

Mimi Zonaino, mwana wa Megethia na ndugu wa Silvano, nilikuwepo. Niliona mama yangu akimshika mkono. Niliandika kibao kwa mkono wangu, sheria juu na jina la Zosime chini. Nusu iliyo mbele ya askofu ndiyo nusu ya kibao hicho. Mwandiko ulio juu yake ni huu huu mnaousoma, na ndugu yangu Silvano anaujua tangu tukiwa shule moja. Muhuri wangu huu hapa.

Nimepiga mstari. Yaliyo chini ya mstari huu ni sehemu yangu.

Nilikuwa na vibao vinne vya sheria za wafalme nilivyovifunga pamoja kwa ngozi, nikitaka kuvionyesha ikulu pamoja na kitabu. Cha Maiuma kilizidi vingine urefu wa kiganja, vikawa havifungiki sawasawa. Nikamwita seremala. Akaniuliza akate wapi. Nikaweka kidole juu ya jina lako nikamwambia, hapa, chini ya sheria. Kilichodondoka kilikwenda jikoni kwa kuni za maji ya kuoga.

Nililisoma jina. Sitaki useme kwamba sikuliona. Nakumbuka nilicheka kidogo, nikasema huyu ni Zosime, Maiuma nzima inamjua, anahitaji kibao cha nini. Nilidhani sheria ndiyo inayopotea mtu asipoitunza, na watu hawapotei. Kitabu kizima nimekiandika kwa imani hiyo.

Ulipoandika mwezi wa Mei nilijua mara moja. Niliogopa. Ile barua kuhusu ghala la Silvano niliiandika nikiwa na nusu ya kibao mbele yangu. Iliyofuata niliiandika mara tatu ili iwe kali ya kutosha. Ya bahari, hata wewe umeona, sikujitahidi nayo.

Ipo sheria nyingine, kongwe kuliko ya Konstantino, nayo naiandika kwa mkono wangu: akataye, afutaye au afichaye hati ya mwenziwe kwa hila, akiwa mungwana atapelekwa kisiwani na mali yake itatwaliwa. Kwa sheria hiyo, aliyekata ni ZONAINO mwana wa Obodi, wakili. Mtu mwingine hakuhusika.

Barua hii ni yako. Itoe yote mbele ya askofu, usome juu na chini. Ukipenda, katika kitabu nitaandika upya pale palipoguswa vibao, nitie jina lako, lisomwe popote kitakapofika.

Dada, sikuoa.

Zonaino


Maiuma, tarehe 2 Novemba

Zonaino,

Mimi na Theodote tumebaki Maiuma. Nona ameolewa Kaisaria na nyumbu wake wawili.

Nitakueleza ilivyokuwa kwa sababu mwandishi wa historia hapaswi kuokota mambo njiani. Jumapili ile kanisa lilijaa kuliko siku ya kitabu chako. Silvano alikaa mbele na wakili wake. Nilimpa askofu barua yako bila kusema kitu. Akaanza kusoma kwa sauti kubwa. Alipofika kwenye jina langu, Theodote akanishika kidole, akakibana kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Askofu akasoma habari ya mama yako, ya mkono wako, ya shule yenu, akafika kwenye mstari ulioupiga. Aliisoma sehemu ya chini kwa macho tu, taratibu, midomo ikicheza. Akaniita karibu akanong'ona, "Na hii nayo niisome?"

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo, Zonaino. Safari nzima kutoka nyumbani hadi kanisani nilikuwa nimepanga jinsi nitakavyosimama wakati watu wakiyasikia hayo. Nilikuwa nimechagua hata mahali, karibu na nguzo, nimwone Silvano usoni.

Nikamwambia, "Jina langu umeshalisoma, baba askofu. Inatosha."

Wakili wa Silvano akasimama akauliza nusu ya pili ya kibao iko wapi. Nikajibu iliungua. Sikusema uongo. Akamtazama Silvano, Silvano akaomba aione barua. Askofu akaikunja ule upande wa chini akamwonyesha ule wa juu. Ndugu yako aliutazama mwandiko wako muda mrefu. Sijui alikuwa anawaza nini, pengine shule yenu. Akasema ndio, huu ni mkono wake, akainuka akatoka, hakungoja hata hukumu. Askofu akahukumu hivi: mimi ni huru tangu Pasaka ile, na Theodote alizaliwa mungwana.

Usidhani ni msamaha. Sijakusamehe, na neno dada ulilolichomeka kule mwisho nalirudisha kama lilivyokuja. Nilifanya vile kwa sababu mama yako alinishika mkono mbele ya watu, kwenye sakafu ile ile, na sikutaka mwanawe avuliwe nguo hapo. Deni langu ni kwake, na sasa nimemaliza kumlipa. Wewe hukuwamo.

Marino amenichongea kibao kipya cha mwerezi. Ameandika Theodote mwenyewe, nimemfundisha mimi, na mwandiko wake umeupita wako kwa mbali. Nimeagiza jina liwe juu na sheria chini. Shemasi akasema hiyo si desturi, nikamwambia desturi imekutana na msumeno. Akija msomi mwingine akaona kibao ni kirefu, na apunguze sheria.

Kitabuni mwako usinitie. Ukiniandika utaniandika vizuri, watu watapiga makofi, nami sitaki.

Kuhusu barua yako. Nimeikata pale pale ulipopiga mstari. Nusu ya juu imo sandukuni mwa kanisa pamoja na kibao, na Pasaka nitaikagua. Nusu ya chini, yenye sheria yako na jina lako, hakuna aliyeisoma ila askofu na mimi, na askofu haulizwi. Nakurudishia ndani ya barua hii. Nimetumia kisu cha lami, kwa hiyo ukingo umechafuka kidogo. Sikuitia jikoni. Kama itakwenda motoni au kitabuni, hilo ni juu yako, uliyesema unatunza visipotee.

Mimi Zosime,
raia wa Roma